Mgongo wa Kadi

Mama Risiti hakuwa na mtoto anayeitwa Risiti. Hakuwa na mtoto kabisa, na jambo hilo alishalizoea. Jina alipewa na madereva wa shirika la maji, ambako alikuwa afisa ugavi tangu nywele zake zikiwa nyeusi tii, kwa sababu hakuna aliyewahi kutumwa dukani akarudi bila kukutana na swali lile lile: "Risiti iko wapi?" Wenye utani walisema siku malaika wa mauti atakapomjia, itabidi kwanza aweke sahihi kwamba roho ameipokea ikiwa nzima. Mwenyewe alipousikia utani huo alicheka, kisha akasema hauna ubaya, maana roho nayo ni mali.

Basi mwaka huo mkurugenzi alimkabidhi kazi ya kuchagua mashine ya kuchapa vitambulisho. Ukiisikia ni kazi ndogo. Vitambulisho vya zamani vilikuwa karatasi tu, vikitengenezwa na mpiga picha wa mtaa wa pili aliyevifunika kwa nailoni na kuvikandamiza kwa moto. Ofisini vilidumu. Mitaroni, ambako mafundi bomba walishinda na maji hadi magotini, nailoni iliachia pembeni, maji yakaingia, na sura ya mtu ikavimba kama mkate ndani ya chai. Kulikuwa na fundi mmoja ambaye picha yake ilibaki na sikio tu, na walinzi wa getini walikuwa wakimwambia ageuze kichwa wahakikishe kama sikio ni lenyewe.

Lakini si nailoni iliyomfanya Mama Risiti aishike kazi hiyo kwa mikono miwili. Ni kisa cha Koleo.

Koleo alikuwa fundi bomba, mtu wa miraba minne, aliyepewa jina hilo kwa sababu akikushika mkono kukusalimia, ulirudi nao umebadilika umbo. Siku moja ya mapumziko bomba kubwa lilipasuka, akaitwa kazini peke yake, na akiwa ndani ya mtaro jua likampiga akaanguka kama gunia. Wapita njia wakamtoa, wakamkimbiza hospitali. Muuguzi akakitazama kitambulisho: picha iliyovimba, jina la kwenye makaratasi ambalo hata mkewe huwa analisahau, na namba ya simu ya ofisi. Akapiga. Simu ikalia mapokezi, ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli, ikalia mpaka ikachoka. Mke wa Koleo alimtafuta usiku kucha, wodi hadi wodi, akimtaja kwa jina la Koleo, na kila alipofika aliambiwa hapa hakuna Koleo. Alimkuta kesho yake amekaa kitandani anakunywa chai na kulalamika kwamba sukari ni kidogo.

Ofisi ilipofunguliwa mke huyo alikuja. Hakupiga kelele. Alisimama mbele ya meza ya Mama Risiti, kwa kuwa aliambiwa vitu vyote vya shirika vinaanzia pale, akasema, "Mama, kwenye kadi yake mmeandika simu yenu. Lakini mimi ndiye mtu wake." Halafu akaaga kwa adabu akaondoka.

Maneno yale yalimchoma Mama Risiti kuliko mke wa Koleo alivyoweza kujua, kwa sababu na yeye aliwahi kumfanya mtu akose kupigiwa.

Miaka minne nyuma, mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alizidiwa jioni. Akampeleka hospitali. Mdogo wake wa pekee, ambaye nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye kitinda mimba, alikuwa mji mwingine na kichanga cha siku chache. Mama Risiti aliishika simu, akaitazama, akajiambia: mwache Kitinda alale, bado ni mzazi, nitampigia kukikucha. Mama yao hakungoja kukuche. Na katika hekaheka ya alfajiri ile, jirani mmoja aliwahi kumpigia Kitinda kumpa pole ya msiba ambao hakuwa na habari nao. Kitinda alikuja mazikoni na mtoto mgongoni, akalia na kila mtu isipokuwa dada yake. Kabla ya kuondoka alisema jambo moja tu: "Ulikuwa na simu mkononi." Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa mama mdogo, na zilifika zimepoa.

Ndiyo maana kikao cha kwanza cha kamati ya ununuzi kilipokaa, Mama Risiti alikuja na neno lake moja na hakutaka kulibadilisha.

"Kadi iwe na pande mbili," alisema. "Mbele sura, jina na kazi. Mgongoni, jina la mtu mmoja na namba yake. Likitokea la kutokea, apigiwe huyo."

Kamati ilikuwa ya watu wanne. Mbali na yeye kulikuwa na dada wa utumishi, msichana mpole aliyewajua wafanyakazi wote kwa majina yao ya kwenye makaratasi na kwa hiyo hakuelewana nao vizuri. Kulikuwa na Koleo mwenyewe, aliyewakilisha watu wa mitaroni. Na kulikuwa na mhasibu, Bwana Punguza. Huyu hakuwa mchoyo, tusimsingizie. Alikuwa tu mtu ambaye ukimwambia mvua imenyesha, atauliza kama isingeweza kunyesha kidogo.

"Na mtu asiandikwe kimya kimya," Mama Risiti aliendelea. "Ukitaka kumwandika, mpigie kwanza umuulize. Halafu dada wa utumishi naye ampigie, asikie kwa masikio yake kwamba amekubali. Kule kukubali ndiyo risiti yetu."

Wote wakacheka, wakapitisha. Koleo alimpigia mkewe pale pale, na kwa sauti yake ya mtaroni jengo zima likajua kwamba mke amekubali. Dada wa utumishi alimpigia baba yake. Bwana Punguza akamwandika mama mkwe.

"Mama mkwe?" Koleo alishangaa. "Mkeo je, bosi?"

"Simu ya mke wangu iko ndani ya mkoba, mkoba uko kabatini, na kabati limefungwa," alisema Bwana Punguza. "Mama mkwe anapokea kabla haijalia."

"Na wewe, mama?" dada wa utumishi aliuliza, kalamu mkononi.

"Yangu nitaileta," alisema Mama Risiti.

Nyani haoni kundule. Mpaka alipokuwa amerudi mezani kwake na kuketi ndipo alipoona alichojifanyia. Alikuwa ameitunga sheria kwa mdomo wake mwenyewe, na sheria hiyo ilimtaka ainue simu ampigie mtu mmoja duniani ambaye hakuthubutu kumpigia. Angeweza kumwandika mama mdogo, lakini mama mdogo alikuwa mzee wa kusahau chaja mahali popote. Angeweza kumwandika jirani. Alilifikiria la jirani, akakumbuka ni jirani gani aliyempigia Kitinda alfajiri ile, akaona aibu.

Wauzaji watatu waliitwa kuleta mashine zijaribiwe. Wa kwanza, bwana mmoja mwenye tai nyekundu, alileta mashine ndogo nyeupe, ukubwa wa boksi la viatu. Unaipa kadi tupu ya plastiki, inaimeza, inaipitisha chini ya utepe wa rangi, inakurudishia ya moto ikiwa na sura yako. Lakini ilichapa upande mmoja tu. Wa pili, mama mtu mzima mwenye sauti ya mwalimu, alileta mashine nene zaidi, ambayo ikishachapa mbele huigeuza kadi humo humo ndani ya tumbo lake na kuichapa mgongoni. Bei yake ilikuwa nene vile vile, na bei ya utepe wake ilimwondolea Bwana Punguza hamu ya chakula cha mchana. Wa tatu alileta maneno, akasema mashine iko njiani. Kamati ikamtakia safari njema.

Mama Risiti alizijaribu kadi za sampuli kwa namna yake. Alizitia kwenye ndoo ya maji akazisahau makusudi. Alizianika juu ya bati. Alimpa Koleo azitie mfukoni pamoja na spana na kuendelea na shughuli zake. Kadi za mashine zote mbili zilirudi na sura zao zikiwa safi, macho, pua na masikio yote mawili. Kwa maji na jua zilitoka sare, na sare ndiyo iliyompa Bwana Punguza nguvu.

"Sasa tusemezane," alisema, wote wanne wakiwa wamesimama kuizunguka ile mashine ndogo katika chumba cha utumishi, yule bwana wa tai akiwa ameegemea dirisha. "Kadi ina pande mbili toka ilipozaliwa. Tunachapa mbele, tunaigeuza, tunachapa nyuma. Mikono si tunayo? Kwa nini tuinunulie mashine mikono?"

Ilikuwa hoja nzuri, na Mama Risiti alijua kabisa kwamba hoja ya Bwana Punguza ikishakuwa nzuri huwa haina pa kushikia.

"Basi tujaribu kwa kadi zetu wenyewe," alisema.

Dada wa utumishi alikwisha kuweka picha zao kwenye kompyuta. Akazichapa nyuso nne kwa mpangilio: ya kwake kwanza, kisha ya Mama Risiti, kisha ya Koleo, mwisho ya Bwana Punguza. Zilitoka zikiwa zinapendeza. Koleo aliitazama yake kwa muda mrefu akasema hajawahi kujua kwamba ana shingo. Dada akazipanga vile vile, akaigeuza kila moja mahali pake, akazirudisha ndani ya mashine, akaiamuru kompyuta ichape migongo. Mashine ikanguruma taratibu, ikatema kadi moja baada ya nyingine, na kila mtu akachukua yenye sura yake.

Dada wa utumishi aliigeuza yake. Baba yake alikuwepo, na namba yake sawasawa.

Koleo aliigeuza yake, akakunja uso, akaisoma tena kwa sauti. "Mama mkwe," alisema. "Namba hii siijui. Mama mkwe wangu mimi alishafariki, Mungu amrehemu, na hakuwahi kumiliki simu."

"Huyo ni wangu!" Bwana Punguza alisema. Akaigeuza ya kwake haraka. Mgongo ulikuwa mweupe pe. Akaigeuza mbele, akajiona anatabasamu, akaigeuza tena nyuma. "Na mimi je? Mimi nikianguka, sina mtu?"

"Ukianguka wewe hawapigi popote, bosi," alisema Koleo. "Nikianguka mimi ndiyo anaitwa mama mkwe wako. Atakuja, ataniangalia, atasema, huyu mkwe amenenepa lini?"

Walicheka mpaka dada wa utumishi akashika ukuta. Hata bwana wa tai alicheka, kidogo, kama mtu anayeona biashara yake inatoka mlangoni kwa miguu yake yenyewe. Mama Risiti ndiye pekee ambaye hakucheka. Alikuwa ameshika kadi yake. Mgongoni mwake paliandikwa mke wa Koleo, na namba ya mke wa Koleo.

"Mashine hii imechanganya," alisema Bwana Punguza, sauti imenywea. "Sikutegemea. Kweli rahisi ghali."

"Haijawahi kufanya hivi," alisema bwana wa tai, akiukaribia mtambo wake na kuupapasa kama anayetafuta homa. "Nawaapia, haijawahi."

Hapo palikuwa na mlango uliokuwa wazi, na Mama Risiti aliuona. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Mashine ndogo ingerudi ilikotoka na jina baya, kubwa ingenunuliwa, mgongo wa kadi ungepatikana, na asingeulizwa lolote. Aliitazama tena kadi yake. Hakuwa ameleta namba. Kompyuta ilipofika kwake ikakuta hakuna cha kuchapa, ikamruka, ikaenda moja kwa moja kwa Koleo. Lakini kadi iliyokuwa mdomoni mwa mashine wakati huo ilikuwa ya kwake. Basi mke wa Koleo akampata yeye, mama mkwe akampata Koleo, na Bwana Punguza, aliyekuwa wa mwisho, akabaki patupu. Wenzake walikuwa wamejaza. Yeye ndiye aliyewaharibia.

Alimwonea huruma bwana wa tai, akajionea haya.

"Mwacheni," alisema. "Mashine haina kosa. Kosa ni langu. Sikujaza mgongo wangu, ndiyo maana kila aliyekuja nyuma yangu amepata mtu asiye wake."

Akawaeleza namna ilivyokuwa, polepole, kadi kwa kadi, huku dada wa utumishi akihakikisha kwenye kompyuta na kutikisa kichwa kukubali. Bwana wa tai alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

"Kumbe!" Bwana Punguza aliamka upya. "Basi jambo jepesi. Kila mtu ajaze wa kwake, na mashine hii inatosha."

"Leo ni mimi," alisema Mama Risiti. "Kesho atakuwa mwingine. Hatutakosa mmoja ambaye bado."

"Hilo ni kweli," dada wa utumishi aliingilia kwa sauti ya chini. "Nimeanza kuwauliza watu wa ofisini na wa mitaroni. Wengi wanajaza wakicheka. Lakini wapo wanaosema niwape muda. Dereva mmoja amemzika mkewe juzi juzi tu. Msoma mita mmoja amegombana na kaka yake. Mlinzi wa usiku aliniuliza kama lazima awe ndugu. Siwezi kuwalazimisha."

Bwana Punguza alikuwa bado ameshika kadi yake, akiigeuza mbele na nyuma, nyuma na mbele. Upande mmoja mtu anatabasamu, upande wa pili hana mtu. Alikuwa mtu wa hesabu, lakini alikuwa na moyo, na moyo huo sasa ulikuwa unampa shida.

"Hiyo mashine nyingine," alisema mwishowe, "mtu akiwa hajajaza inakuwaje?"

Wakaijaribu siku iliyofuata, yule mama wa sauti ya mwalimu akiwasimamia kama watahiniwa. Kadi nne zile zile, kwa mpangilio ule ule. Kila kadi iliingia, ikachapwa mbele, ikageuzwa tumboni, ikachapwa nyuma, ikatoka imekamilika kabla nyingine haijaingia. Baba wa dada wa utumishi alikuwa mahali pake. Mke wa Koleo alikuwa mahali pake. Mama mkwe alikuwa mahali pake, na Bwana Punguza aliibusu kadi akidhani hakuna anayemwona. Kadi ya Mama Risiti ilitoka na mgongo mweupe, mweupe wake peke yake, bila kumgusa mwenzake.

"Aliye mtupu anabaki mtupu mpaka atakapokuwa tayari," alisema dada wa utumishi. "Hamharibii mtu."

"Tuichukue hii," alisema Bwana Punguza. "Na nisisikie mtu anachapa kadi ya mchezo. Ule utepe ni dhahabu." Kisha akaongeza, akitazama dirishani, "Tangu jana nimekuwa sina raha. Nililala nikijiona mtu asiye na mtu."

Kazi ya kuchagua iliishia hapo. Mashine ikanunuliwa, risiti ikapatikana, ikatiwa kwenye faili. Siku zilizofuata kadi zilitoka kwa mafungu, na korido zilijaa watu wanaogeuza kadi za wenzao na kutaniana: huyu kamwandika shangazi, yule kamwandika mchumba ambaye watu hawakujua kama yupo. Mlinzi wa usiku alimwandika mlinzi wa mchana. Kadi ya Mama Risiti peke yake ilibaki kwenye droo ya dada wa utumishi, ikisubiri.

Koleo ndiye aliyekuja kumwona. Alibisha hodi, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akasimama pembeni ya meza na kofia yake ya kazi mikononi.

"Mama," alisema, "mganga hajigangi, nalijua. Lakini mke wangu nimemweleza. Anasema mwandike yeye. Siku ile alipokuja hapa wewe ulimsikiliza. Anasema akipigiwa kwamba ni wewe, atakuja hata bila viatu."

Machozi yalimlengalenga Mama Risiti, na hakujitia kupangusa miwani. Aliyaacha.

"Mwambie asante, baba," alisema. "Mwambie nimepokea kwa mikono miwili. Lakini nina mtu. Sijampigia tu."

Koleo aliitikia kwa kichwa, akatoka, na kwa mara ya kwanza katika historia ya jengo lile akaufunga mlango bila kuubamiza.

Saa ya chakula cha mchana Mama Risiti aliingia stoo, akakaa juu ya boksi la mita mpya, katikati ya mabomba yaliyopangwa kwa ukubwa. Palikuwa na harufu ya mpira na grisi. Aliitafuta namba. Haikuwa mbali, kila alipobadili simu alikuwa akiihamisha pamoja na nyingine, bila kuipiga. Akapiga sasa, kabla moyo haujapata nafasi ya kumshauri.

Iliita mara moja tu.

"Nani?" sauti ya Kitinda ilisema. Haikuwa salamu. "Dada, nani? Niambie tu. Ni mama mdogo?"

Miaka minne Mama Risiti hakupiga, na mdogo wake alipoliona jina lake kwenye simu hakufikiria kitu kingine ila kifo.

"Hakuna aliyekufa," alisema. "Kitinda, nisikilize, wote wazima. Mama mdogo mzima. Hakuna kitu."

Upande wa pili ilisikika pumzi ndefu, kisha kitu kama kiti kikivutwa na kukaliwa. "Umenishtua," alisema Kitinda. "Nina unga mikononi, umenata mpaka kwenye simu."

"Nisamehe."

"Sasa kama hakuna kitu, umepigia nini?"

Basi Mama Risiti akaanza kueleza, na akaeleza vibaya. Alianzia kwenye nailoni, akapita kwenye utepe wa rangi, akafika kwa mama mkwe wa Bwana Punguza, akarudi kwa Koleo mtaroni. Aliongea kama mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta. Kitinda hakumkatiza. Mwisho alisema, "Yaani dada yangu ananipigia baada ya miaka minne kwa ajili ya mashine."

"Kwa ajili ya mgongo wa kadi. Panatakiwa mtu mmoja. Nikianguka, apigiwe. Na mtu huyo lazima aulizwe kwanza. Nami sina mwingine ninayemtaka. Nilikosea usiku ule, Kitinda. Nilikuwa na simu mkononi kama ulivyosema. Nilidhani nakuacha ulale, kumbe nilikuwa nakunyima mama yetu. Kila siku najua hivyo. Sikuwa na mdomo wa kukuambia."

Kwa mbali, huko kwa Kitinda, mtoto alikuwa akiimba wimbo usio na mwanzo wala mwisho. Yule aliyekuja mazikoni mgongoni sasa alikuwa anaimba.

"Ningekuja usiku ule ule," alisema Kitinda, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Hata kwa miguu. Hata na kichanga. Nisingemkuta, labda. Lakini angejua niko njiani. Ungemwambia sikioni, Kitinda yuko njiani."

"Ndiyo," alisema Mama Risiti.

"Hiyo ndiyo iliyonikaa hapa."

"Ndiyo, mdogo wangu."

Wakalia wote wawili, kila mmoja kwake, mmoja na unga na mmoja na harufu ya mpira, bila kuambiana nyamaza. Mtoto aliacha kuimba akauliza kitu, akajibiwa kwamba ni mama mkubwa. Akauliza mama mkubwa ni nani. Kitinda akamwambia atamjua.

"Andika," alisema halafu. "Niandike. Lakini na wao uwaambie, dada. Wakipiga, wapige pale pale. Wasingoje kukuche."

Alasiri hiyo dada wa utumishi, kwa kuifuata sheria, alipiga namba hiyo na kusikia kwa masikio yake kwamba mwenye namba amekubali. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa kawaida. Aliiweka simu chini. Aliandika, akaitia kadi, na mashine ikafanya kazi yake ya kugeuza humo ndani, bila haraka.

Bwana Punguza alikuwa amepita kuulizia utepe umebaki kiasi gani. Akaichukua kadi ikiwa bado ya moto, akausoma mgongo, akainua nyusi. Chini ya maneno "Kitinda, mdogo wake," na chini ya namba, palikuwa na mstari mmoja zaidi kuliko kwenye kadi za watu wote.

"'Hata usiku,'" alisoma. "Mama, hii 'hata usiku' imetoka wapi? Si tunamaliza utepe?"

Mama Risiti alinyoosha mkono akaichukua, akaivaa shingoni, sura ikiwa imegeukia kifuani na mgongo ukitazama nje.

"Ameniagiza mwenyewe," alisema. "Risiti ninayo."